Mwaka Niliomtafutia Mwalimu Chacha Mke

Watu wengi huandika kumbukumbu zao wakiwa na mvi. Mimi nina chunusi. Niko kidato cha nne, bado naamshwa na kengele, bado jina langu linaandikwa kwenye karatasi ya wapiga kelele, na hata hivyo najiona mzee, kwa sababu wiki jana tulimuaga Madam Nekesa, na mtu akishaanza kuaga walimu ajue umri umeanza kumtafuna. Amehamishiwa kwao upande wa magharibi, karibu na mlima unaovidharau vilima vyote alivyotupandisha. Tulikusanyika katika chumba cha jiografia, kile chenye ramani iliyoliwa na panya mpaka Tanzania ikabaki vipande, sisi wanane wa zamani wa Klabu ya Milima na wanachama wapya, tukala chapati na dengu na soda moja kwa watu wawili. Kila mtu aliambiwa aseme neno. Akinyi, aliyekuwa nahodha wetu, akasimama akatangaza kwamba mimi nitaongea mwisho, na nikiongea nisitaje kuku. Sote tukacheka, na Madam akacheka mpaka akavua miwani. Wale wadogo wa nyuma, waliojiunga juzi, walituangalia kama watu waliokunywa kitu. Ndiyo maana naandika. Kuna kuku mmoja katika maisha yangu ambaye sikumla, na yeye ndiye aliyenifundisha mengi kuliko walimu wengine ambao sitawataja, maana mitihani bado haijasahihishwa.

Habari za kwetu Suna siziandiki. Mama yangu husoma kila karatasi anayoikuta mezani. Itoshe kwamba nilikuwa kidato cha pili, nina miaka kumi na tano na mdomo wa mtu wa arobaini, na kwamba shuleni hakukuwa na kitu nilichokipenda isipokuwa ile klabu. Madam Nekesa aliianzisha kwa imani kwamba mtoto hawezi kuchora mlima ambao haujamtoa jasho. Pesa hatukuwa nazo, kwa hiyo tulisafiri kimaskini lakini kwa mpango. Kila mmoja alibeba unga wake, sahani yake, kijiko chake na blanketi. Tochi za kichwani tuliazima kwa wachimbaji wa dhahabu kule Osiri, zikaja na vumbi jekundu ambalo halikutoka masikioni mwetu muhula mzima. Tulipanda lori lolote lililokuwa linarudi tupu, na tulilala majumbani mwa watu. Madam alikuwa anatafuta chama cha akina mama katika kijiji kilicho chini ya mlima, anapiga simu, wanakubaliana. Tunaleta sukari, majani ya chai, sabuni na mikate, na asubuhi moja nzima tunafanya kazi: tunapalilia, tunateka maji, tunapasua kuni. Baadaye ndiyo tunapanda kilele. Nimelala katika sebule nyingi kwa njia hiyo. Hata leo nikiingia nyumba ya mtu naangalia kwanza sakafu, nione blanketi langu lingetoshea wapi.

Safari ya kwanza ya mwaka ule tulienda Got Asego, kile kilima kilichochongoka kama chungu kilichofunikwa, juu ya mji wa Homa Bay. Huko niliwaambia watoto fulani, kwa uso mkavu, kwamba tumekuja kupima kilima ili kihamishwe. Jioni walikuja wazee watatu kumuuliza Madam, kwa heshima kubwa, kilima chao kinapelekwa wapi. Habari zilifika shuleni kabla yetu. Nilisimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu siku ya Jumatatu, nikijifanya nasoma tangazo la vifaa vilivyopotea, nikasikia kila kitu. Mwalimu mkuu alisema mdomo wangu hutembea mbele yangu hatua mia, na kwamba lalamiko moja tu kutoka kijiji chochote, klabu inafungwa. Si mimi kufukuzwa klabuni. Klabu yenyewe. Kisha nikamsikia Madam akisema, "Ouma nitamchukua kwa dhamana yangu." Nilitaka kufanya mzaha kuhusu neno dhamana, maana linahusu wezi, lakini nikaendelea kusoma tangazo.

Basi ikaja Agosti, likizo, na safari ya Milima ya Gwassi. Tulikuwa wanafunzi wanane, Madam, na Mwalimu Chacha. Huyu Chacha alikuwa mwalimu wa mazoezi ya kufundisha, kijana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha, mrefu, mpole, mwenye aibu ya kunyanyua chaki. Kijaluo hakujua hata neno la kuomba maji. Madam naye ni Mluhya, anaelewa Kijaluo cha bei za sokoni tu. Kwa hiyo kwa wenyeji mimi ndiye niliyekuwa ulimi wa msafara, na sasa nikifikiria naona hilo ndilo kosa la kwanza, na halikuwa langu. Lori lililotubeba lilikuwa linakwenda kuchukua ng'ombe na lilikuwa bado linanukia wale wa juzi. Mwalimu Chacha peke yake alikaa mbele na dereva, ndiyo sababu alishuka akiwa na koti safi na viatu vinavyong'aa huku sisi tukiwa na majani nyweleni.

Lori lilituacha kwenye soko dogo, na kuanzia pale ni miguu tu. Kiatu cha Akinyi kilikuwa kimeachama, akabaki na wengine kwa fundi wa viatu. Madam akanituma mimi na Mwalimu Chacha tutangulie, tukapeleke zawadi na kumjulisha mwenyeji kwamba tumefika. Mwenyeji alikuwa mama mzee aliyeitwa Pilista, na kila mtu kule, hata asiye mjukuu wake, alimwita Dani, yaani nyanya. Aliishi na mwanawe Odero, ambaye ndiye angetuongoza kileleni, na mjukuu wake Achieng', mwanamke wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Achieng' siku hiyo alikuwa ameenda sokoni Magunga. Tulipanda kama saa moja hivi, nyasi zikilala kwa upepo wa ziwani, Mwalimu Chacha akiwa amebeba kikapu kipya chenye sukari, majani, sabuni na mikate. Sasa jaribu kuona kile alichokiona Dani Pilista aliponyanyua kichwa kutoka kwenye mtama aliokuwa anaanika: kijana mrefu, koti, viatu vimepigwa rangi, kikapu cha zawadi mkononi, na kando yake kijana mwingine wa kumsemea.

Alikuwa na jirani aliyekuja kuazima ungo. Tukasalimiana. Dani akauliza kwa Kijaluo, huyu aliyependeza hivi ni nani. Swali halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa swali la kujibiwa kwa maneno matatu. Lakini kwa bibi yangu mwenyewe huwa tunataniana mpaka anashika mbavu, ananiita mume wake, ananiuliza kwa nini sijamletea nyama, na mimi nikadhani mabibi wote wametoka kiwanda kimoja. Nikamwambia, bila kucheka, kwamba huyu ni mwalimu, hajaoa, amesikia kuna binti mzuri katika boma hili, na watu wake wengine wako njiani wanakuja.

Nilisubiri acheke. Badala yake alivuta leso yake mpaka kwenye nyusi, akageuka ubavu, akaanza kusema karibu huku anaangalia mbuzi. Mwalimu Chacha alinyoosha mkono, mkono ukabaki hewani, akaurudisha mfukoni kama aliyekuwa anatafuta ufunguo. Dani aliingia ndani. Yule jirani akaondoka haraka bila ungo. Sikuelewa chochote. Nilijua tu kwamba mzaha haukufika, kama vile unarusha jiwe kisimani na husikii maji. Kitu ambacho sikukijua, na ambacho hakuna aliyekijua isipokuwa watu wa boma lile, ni kwamba Achieng' alikuwa amemwambia bibi yake kwamba kuna mtu atakuja kujitambulisha mojawapo ya wiki zile. Alikuwa amesema jambo moja tu kumhusu, kwamba ni mwalimu. Sisi wageni wa shule, kwa hesabu ya Dani, tulikuwa wa kesho yake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ya watu waliojiandaa. Mabenchi yalitolewa, yakapangwa nje chini ya upenu. Mbuzi alihamishwa. Jogoo alikimbizwa kuzunguka ghala mara tatu, na mara ya nne hatukumsikia tena. Odero alitoka shambani, akaingia ndani na shati la kazi, akatoka na koti. Madam na wenzangu walipofika, walikuta mapokezi ambayo klabu haikuwahi kuyaona. Kwingine kote tulipewa uji na jembe. Madam alifurahi sana. Nilimsikia akimwambia Mwalimu Chacha kwamba watu wa milimani wana ukarimu ambao mji umeusahau, na Mwalimu Chacha akaitikia kwamba kweli, ila yule mama anaonekana kumwogopa. Odero akaketi karibu na Madam, kwa sababu kwa hesabu zake yeye ndiye mkubwa wa upande wa bwana harusi, labda shangazi, na kwa Kiswahili cha taratibu akaanza kuuliza kuhusu kijana. Anakunywa pombe? Madam akasema hata soda humaliza nusu. Ana hasira? Akasema watoto wanampenda mno. Odero alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimekaa benchi ya pili nikisikiliza, na ingawa hofu ilikuwa imeanza, nakiri kwamba sehemu fulani ya roho yangu ilikuwa inastarehe.

Akinyi ndiye aliyeiua starehe. Yeye ni wa Ndhiwa, amelelewa bomani, si kama mimi Mjaluo wa lami. Aliangalia mabenchi yalivyopangwa, akaangalia mlango wa jikoni uliofungwa nusu, akanibana kwenye kona ya ghala.

"Umesema nini kwa huyu mama?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alinitazama kama daktari anayeangalia mguu na kufikiria msumeno. Akaniambia huyo mama hamwogopi mwalimu, anamwonea haya kama mkwe, na nisikilize vizuri. Kwanza, wakwe hawalali ukweni. Jua likianza kuinama watasindikizwa, wote, kwa heshima zote, na heshima haina blanketi. Sisi sote kumi ni watu wa bwana harusi, nimeshasema mwenyewe, na lori limeshaondoka, na wingu lile juu ya kilele halijaja kutembea. Pili, huyo jogoo. "Kuku akishaingia mdomoni mwa Mwalimu Chacha mbele ya hawa watu," alisema, "hata Madam hawezi kumtoa. Itakuwa amekuja, amepokelewa, amekula."

Nilimwambia labda litapita lenyewe. Siku hizi nikikumbuka sentensi hiyo najionea huruma. Hakuna kitu chenye kuku jikoni kinachopita chenyewe. Nilirudi kwenye benchi nikakaa, harufu ya kitunguu ikaanza kutoka, wenzangu wakaanza kumeza mate, na Odero akamwambia Madam kwa upole kwamba wasiwe na wasiwasi wa njia, baada ya chakula atawasindikiza yeye mwenyewe mpaka sokoni kabla ya mvua. Madam alitabasamu kwa sekunde kadhaa zaidi ya kawaida. Mtu aliyewaandikia wazazi wanane barua kwamba watoto wao watalala katika nyumba ya mama mtu mzima anaambiwa atasindikizwa sokoni. Akasema asante. Kisha akageuza kichwa polepole, akapitisha macho juu ya vichwa vya wote, akanipata mimi.

"Ouma. Kuja hapa."

Nilimwambia yote pale kando ya ghala, kwa sauti ya chini. Nilitegemea kofi, au kilio, au lile neno dhamana. Hakikuja hata kimoja. Aliuliza tu kama kuku ameiva. Nikasema bado nadhani. Akasema basi mbona bado nimesimama.

Mlango wa jikoni wa Dani Pilista ulikuwa mfupi, ilibidi niiname, na nadhani hiyo ilisaidia, maana mtu aliyeinama hawezi kuonekana ana kiburi. Ndani kulikuwa na moshi na mwanga kidogo wa upande mmoja. Mafiga matatu, chungu juu yake, rundo la kuni, paka. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, anakatakata nyanya ndani ya kiganja bila ubao.

"Dani," nikasema, "mwalimu hakuja kuoa, sisi ndio wageni wa shule. Nilikuwa natania."

Kisu hakikusimama. "Yeye mwenyewe anajua ulichosema?"

"Hajui. Hajui Kijaluo hata kidogo. Anafikiri unamwogopa."

Hapo kisu kikasimama. Nikabaki nimeinama, sijui niingie au nitoke. Kisha akaanza kunieleza, bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mtoto jinsi moto unavyounguza. Achieng' alichukua mwaka mzima kukiri kwamba kuna mtu. Alikuwa amekataa wawili kabla yake, na watu wa ukingo ule walikuwa wameshaanza kusema anajiona. Sasa amempata anayemtaka, na anakuja mojawapo ya wiki hizi. "Akifika pale chini kwenye kibanda cha duka ataambiwa kuna mwingine alikuja kabla yako, akala kuku, akaenda," alisema. "Atageuka. Mimi ningekuwa yeye ningegeuka."

Akashika chungu kwa majani ya mgomba, akakitoa motoni, akakiweka chini. Mchuzi ulikuwa bado unatokota. Akasema yule jirani lazima ameshapita nyumba tatu, kwa sababu ndiyo njia yake ya kila siku. Mimi nitapita hizo hizo, kwa mdomo ule ule, niseme nilidanganya. Chungu hakirudi motoni mpaka nirudi, na nirudi kabla Achieng' hajafika nyumbani. Halafu akanipa ungo, nimpelekee mwenyewe.

Nilikimbia. Kule nyumba haziko kandokando kama Suna, kila moja iko kwenye bega lake la mlima, unaiona karibu kisha unashuka bonde na kupanda tena ndipo unaifikia. Yule jirani nilimkuta kwake, ameshamaliza mzunguko, bado anasimulia. Nilimpa ungo na ukweli kwa pamoja, akaketi chini kwa kicheko, akaniita mtoto wa shetani, akanipa kiazi kitamu cha moto. Nyumba ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mwenye masikio mazito sana. Nilimwambia mara ya kwanza, akaniuliza mvua imenyesha wapi. Mara ya tatu ilibidi nipige kelele kwa nguvu zangu zote kwamba mimi ni mwongo na mwalimu hajaoa mtu wala hataoa, na nikaona kwenye mteremko wa ng'ambo watu wawili wanaopalilia wakinyoosha migongo kusikiliza. Mzee akasema vizuri, na akanirudisha na swali la kwa nini basi nilisema. Nikaaga nikakimbia. Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo. Nadhani ni kwa sababu kimya kidogo kikitokea kati ya watu, mimi huona kama kiti kitupu, nakikalia.

Ya tatu haikuwa nyumba hasa, ilikuwa kile kibanda cha duka chini ya njia, na nilipofika nilimkuta mwanamke ameketi kwenye kreti anakunywa soda, na kando yake gunia lenye kitu kizito. Mwenye duka alikuwa anamshika mkono kwa mikono miwili, anampa hongera. Nilijua ni nani kabla sijaambiwa. Achieng' alikuwa na uso wa mtu anayehongerwa kwa mtihani ambao hajafanya.

Nilisema yote, bila kupunguza, hata ile sehemu ya viatu vinavyong'aa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwenye duka akamuuliza swali moja, kama amemwambia mtu mwingine. Mwenye duka akaanza kupanga vibiriti. Binamu yake, alisema, yule wa bodaboda, alipita kama saa moja iliyopita akielekea Ndhiwa. Aliona ni habari njema. Na binamu yake anamjua Omondi, wanacheza mpira pamoja.

Omondi ndiye mwalimu wa kweli, wa huko Ndhiwa. Achieng' alitoa simu, akaiangalia, akairudisha. Kule mtandao hakuna. Uko kileleni tu, na kilele kilikuwa kimeshafunikwa. Aliweka chupa chini taratibu. Nilimwambia pole kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia ndani ya gunia kuna kichwa cha cherehani kilichotoka kutengenezwa, nikibebe, na nikikiangusha ndipo atakapoanza kukasirika.

Nilikibeba kichwani mpaka juu, nusu saa, mvua ya kwanza ikianza kudondoka kwa matone makubwa, yeye akitembea nyuma yangu bila neno. Ndivyo wote walivyotuona tukiingia uani. Aliingia jikoni kwa bibi yake, mlango ukafungwa, tukasikia sauti zao, sauti ndefu ya mmoja na fupi ya mwingine, halafu mlio wa chungu kikiwekwa juu ya mafiga. Sijawahi kusikia muziki mzuri kuliko huo. Dani akatoka, akamwangalia Madam machoni kwa mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba watoto wanaloa, kwa nini wako nje. Tukaingia sote kumi.

Naikumbuka sebule ile kuliko nyumba nyingi nilizolala baadaye. Kuta za udongo zilizosiribwa laini, kalenda nne za miaka tofauti, viti vilivyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, redio imetundikwa juu ya msumari kama mtu wa maana. Mvua ilipiga bati mpaka ikawa lazima kusogeleana ili kusikilizana. Chakula kilipoletwa, Dani aliamua mwenyewe nani ale nini. Wanafunzi na Madam walipewa ugali na kuku. Mwalimu Chacha alipewa ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, ili asiwepo mtu wa kusema alikula kuku wa boma lile. Mimi pia omena, na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Mwalimu Chacha aliangalia sahani yake, akaangalia ya jirani yake. "Kuku wameisha?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Ikabidi nimwambie. Nilimwambia kila kitu huku nikitenganisha vichwa vya omena, nisione uso wake. Alitafuna kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza kama msichana mwenyewe ni yule aliyeingia na cherehani. Nikasema ndiye. Akarudi kwenye sahani yake, akala matonge mawili, matatu.

"Ungeniuliza kwanza," akasema.

Madam na wasichana walilala kwa Dani, sisi wavulana na Mwalimu Chacha katika simba, ile nyumba ndogo ya vijana kando ya lango. Nililala kama gogo. Watu hudhani mwenye hatia halali. Mimi nilikuwa nimebeba cherehani.

Asubuhi tulifanya kazi yetu, tukapalilia mistari ya mihogo mpaka jua likatokea, kisha tukaanza kupanda. Odero mbele, Madam nyuma, na Achieng' katikati, maana alikuwa anakwenda kutafuta mtandao. Hakuna aliyelisema, lakini wote tulijua kwamba siku hiyo hatupandi mlima kwa ajili ya jiografia. Wenzangu, ambao kwa kawaida hulalamika kila hatua kumi, walipanda kimya. Tulipita kwenye msitu mwembamba wenye miti inayotoa maji, halafu kwenye majani makavu, halafu mawe matupu na ukungu. Madam alikuwa amesema tutakula mkate kileleni. Tulipofika, aliuacha mfukoni. Ukungu ulikuwa unaondoka vipande vipande. Upande mmoja ziwa lilijitokeza, na Mfangano ikiwa imekaa ndani yake kama ng'ombe aliyelala. Upande wa pili, mbali chini, miwa ya Ndhiwa, kijani kimoja mpaka macho yanachoka. Sikuchora chochote kwenye daftari langu. Nilikuwa naangalia mkono wa Achieng' ulioshika simu juu.

Ikashika. Ujumbe ukaanza kulia mmoja baada ya mwingine, nilihesabu sita. Hakuusoma hata mmoja. Alipiga, akatembea hatua chache pembeni, na upepo ukatuletea nusu ya maneno tu. Alieleza. Akanyamaza. Akaeleza tena. Akasikiliza, leso ikimpiga usoni. Kisha akageuka, akaninyooshea simu, akasema Omondi anataka kuongea na mimi.

Mtu ambaye sikuwahi kumwona aliniuliza kwa sauti ya mwalimu kama ni mimi yule mzungumzaji. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akauliza kama huyo mwenzake alikula kuku. Nikasema hapana, alikula omena. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema nilikaa naye, sahani kwa sahani, na mimi mwenyewe nilikula omena. Kukawa kimya, upepo tu, na mimi, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikakiacha kile kimya kilivyo, sikukikalia. Halafu nikasikia kitu kama kikohozi, kikaendelea, na nikagundua anacheka, si kicheko kikubwa, ni kile cha mtu aliyekaa usiku mzima amevaa viatu na sasa anavivua.

"Mpe simu mwenyewe," akasema. "Na umwambie huyo mwalimu pole."

Nilimrudishia Achieng'. Alikwenda nayo mpaka kwenye jiwe la mwisho, akatupa mgongo, akaongea taratibu, mkono mmoja ukishika leso isipeperuke. Nilirudi kwa wenzangu. Walikuwa wamekaa kwa mstari juu ya mawe, Akinyi, Odero, Mwalimu Chacha na koti lake, wote wakinitazama, na Madam Nekesa akiwa amesimama, mikono ndani ya mifuko.

"Amesemaje?"

"Anakuja," nikasema.

Madam alitoa pumzi, akaketi chini, akafungua mfuko wake, akaanza kukata mkate.